Orodha ya Mali ya Marehemu

Wamekuja watatu, kofia mapajani,
wananuka theluji na ngozi ya kondoo,
kuhesabu alichoacha mume wangu, Jabez Thirkell,
aliyekata roho Jumanne, alfajiri,
mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo wa kitanda
kana kwamba bado tumo melini.

Mzee Pitkin anataja, mwanawe anaandika.
Kitanda kizuri kimoja, godoro la manyoya ya bata: pauni nne.
Juu yake nilizaa mara nane.
Na wale watano waliobaki hai, nauliza, ni shilingi ngapi?
Kijana anainua kalamu, anamtazama babaye.
Haandiki.

Sufuria ya shaba, ina kiraka.
Hiyo nilitoka nayo Safoki,
nikaipakata wiki kumi na moja za bahari.
Mwana niliyempakata kwelikweli
tulimshusha majini siku ya arobaini,
tumemviringisha kitambaa cha meza cha mama yangu.
Kitambaa hakimo kwenye orodha.

Shoka tatu. Jembe moja, mpini mpya.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
sisi hatukungoja kupewa.
Tulishika jembe, tukashika na shamba,
na sandukuni imo hati:
makoti manne, visu sita, kwa bonde zima mpaka mtoni,
na chini yake upinde mdogo, umechorwa kwa mkono usiotetemeka,
na mtu ambaye majani yalipoanza kupukutika alirudi
kutega samaki pale alipotega babu yake,
na Jabez akamwonyesha karatasi.

Wa kwanza kuzaliwa huku tulimwita Shukrani.
Wa pili Subira, naye hakuwa nayo hata chembe.
Kitinda mimba, babaye akasema, ataitwa Kimya.
Alilia miezi saba, usiku na mchana.

Farasi jike, jicho la kushoto halioni: pauni tano.
Mwanamke wa Kipekwoti, aitwaye Hana, mtumishi wa maisha: pauni kumi na mbili.
Birika la bati.
Hivyo hivyo, kwa mfuatano huo, kwa wino uleule.

Hana yuko jikoni anapasua maboga.
Kisu kilisita kidogo, kikaendelea.
Jina alipewa na Jabez, mwaka wa vita,
walipogawana mateka uwanjani kama watu wanaogawana nyama.
Usiku wa kwanza alitaja neno usingizini,
la mtu au la mahali, sikujua,
nikageukia ukutani.
Kimya alipotanguliza miguu
ni mikono ya Hana iliyomgeuza tumboni,
nami nikiuma mkanda wa ngozi
na kumwita Mungu kwa sauti ya ng'ombe.

"Umri wake?" anauliza Pitkin.
Miaka ishirini na miwili chini ya paa moja.
"Sijui," nasema.
"Andika arobaini."
Bei inashuka pauni mbili.

Theluthi ndiyo yangu, sheria imesema:
chumba cha mashariki,
matufaha ya mti mmoja katika mitatu,
na ruhusa ya kupita jikoni kwa mwanangu
niendapo kisimani.
Ruhusa! Nyumba niliyoikandika mwenyewe,
mimba ya miezi sita, udongo mpaka viwikoni,
leo nipite kama mpita njia.
Nilikuwa nimeshafungua mdomo nilalamike.

Ndipo nikamwona mlangoni,
mbegu za maboga zimemganda vidoleni,
hatazami mtu,
anangoja kusikia ameangukia fungu la nani.

Nikafunga mdomo.
Kisha, kwa kuwa wote walikuwa wananitazama,
nikaomba maji.

Akaleta.